Panya wa visiwani na panya wa darini kwako: nani ndugu wa nani?

*"Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Tabata. Likizo iliyopita tuliwapeleka watoto kisiwa cha Mbudya. Tukiwa bandani tunasubiri samaki, panya wa kahawia alipita juu ya fito za paa, mkia wake mrefu kuliko mwili. Kijana wa boti akatuambia huyo ni panya wa kisiwani, yupo hapo tangu kisiwa kiumbwe, wala hana udugu na hawa wa mjini. Shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi Madagaska akadakia kwamba kule kuna panya mwenye masikio ya sungura anayerukaruka, na kwamba panya wa visiwani ni wakubwa kwa sababu wanakula samaki. Mwanangu wa kidato cha pili tangu siku hiyo hanipi raha. Panya alivukaje bahari? Kila kisiwa kina panya wake? Na panya buku anayepita uani kwetu usiku, ni panya wa nyumbani aliyezeeka au ni mnyama mwingine? Nikiweka sumu, naweza kuwa naua mnyama adimu?"*

Marahaba, mama, na salamu kwa mwanao. Kwa jinsi nilivyokuelewa, unataka kujua kama yule panya wa Mbudya ni mwenyeji au mhamiaji, na kama unafanya kosa ukimwekea sumu huyu wa nyumbani. Kwa ufupi, wa Mbudya ni mhamiaji. Buku wa uani kwako si panya wa nyumbani aliyezeeka. Ni mnyama wa ukoo mwingine kabisa, na jamaa zake wa karibu wamo Madagaska. Hili la buku ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mkia mrefu kuliko mwili, tena anatembea juu ya fito: hizo ni alama za panya wa mapaa, Rattus rattus, yule yule anayekimbizana darini kwenu Tabata. Panya wa mitaroni, Rattus norvegicus, ni mnene zaidi, pua yake butu, masikio madogo, na mkia haufikii urefu wa mwili. Yeye huchimba chini na kukaa kwenye makaro, mapaa hayapendi sana. Nacho kile kipanya kidogo cha jikoni, Mus musculus, si mtoto wa hao wakubwa kama wengi wanavyodhani. Ni spishi yake, na hata kizeeke vipi hakifikii ukubwa wa panya wa mapaa.

Wote watatu ni wageni Afrika Mashariki. Asili ya panya wa mapaa ni Bara Hindi. Alisafiri na binadamu, ndani ya shehena za nafaka na nguo, kwenye vyombo vilivyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Unguja Ukuu, bandari ya kale kusini mwa kisiwa cha Unguja, waakiolojia wamefukua mifupa yake kwenye tabaka zenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Kama alivuka Bahari ya Hindi enzi zile, kutoka Kunduchi hadi Mbudya ndani ya boti yenye magunia ya mkaa na ndoo za samaki si safari ya kumshinda.

Hata hivyo kijana wa boti hakutunga uongo mtupu. Visiwa vyenye panya wake vipo, ila kisiwa chake si kimojawapo, na sababu iko chini ya maji.

Jambo la kwanza tunaloliangalia ni kina cha bahari kati ya kisiwa na bara. Kwenye kilele cha zama za mwisho za barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa takriban mita 120. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu. Kwa hiyo wakati huo Unguja, Mafia, Bongoyo na Mbudya vyote vilikuwa sehemu ya nchi kavu, na mnyama alifika kwa miguu yake. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, na waliokuwa upande ule wakabaki huko. Ndiyo maana Unguja ina panya buku na ina kindi (naye ni mgugunaji, ukoo mmoja mpana na panya), na karibu wote utawakuta na huku bara. Miaka 10,000 kwa mageuko ya viumbe ni kitambo kidogo. Inaweza kubadili rangi ya manyoya au kuongeza mwili kidogo. Mara nyingi haitoshi kuzaa spishi mpya.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo hata bahari iliposhuka kiasi kile, Pemba iliendelea kuzungukwa na maji. Huko yuko popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, asiyepatikana kwingine popote duniani, na jamaa zake wako visiwa vya Bahari ya Hindi na Asia, wala hawapo bara la Afrika. Popo ana mbawa. Panya ilibidi atafute njia nyingine.

Vipo pia visiwa kama Komoro na Morisi vilivyochomoza kutoka sakafu ya bahari kwa volkano, ambavyo havijawahi kushikana na bara lolote. Binadamu walipofika huko hawakukuta panya hata mmoja. Ukiacha wanyama wa baharini, mamalia wa asili walikuwa popo peke yao. Panya wote wa visiwa hivyo leo wameletwa na vyombo. Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba si kila kisiwa kina panya wake.

Sasa twende Madagaska, maana shemeji yako hakukosea kuhusu masikio ya sungura. Madagaska iliachana na Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita, na India ikajitenga nayo yapata miaka milioni 88 iliyopita. Wakati huo wagugunaji hawakuwapo: visukuku vyao (mabaki ya kale yaliyohifadhika mawen) vya kale kabisa tunavyovijua ni vya baada ya dinosauri kutoweka, miaka milioni 66 iliyopita. Hawakuachwa ng'ambo nchi ilipopasuka. Walivuka, na Mlango wa Msumbiji, hata pale ulipo mwembamba, una zaidi ya kilomita 400.

Walivukaje? Mto mkubwa ukifurika hung'oa kingo zake. Miti huanguka majini ikiwa na mizizi, udongo na vichaka vyake, hushikamana, kisha hutoka mlangoni mwa mto ikiwa kipande cha msitu kinachoelea. Ndani yake mna wadudu, mbegu, maji ya mvua kwenye mashimo ya magogo, na mara moja moja panya aliyelala kwenye tundu. Wengi hufa. Kwa muda mrefu wataalamu walitilia shaka maelezo haya kwa sababu mikondo ya leo haielekei Madagaska vizuri, mpaka watafiti Jason Ali na Matthew Huber walipoonyesha mwaka 2010, kwa mahesabu ya kompyuta, kwamba Madagaska ilipokuwa kusini zaidi kuliko ilipo sasa, kulikuwa na nyakati ambapo mkondo ulitoka Afrika kwenda mashariki, tena kwa nguvu. Wala haikuhitajika safari nyingi. Jike mmoja mwenye mimba, mara moja katika mamilioni ya miaka, anatosha kuanzisha ukoo.

Na vinasaba vinaeleza hivyo hivyo. Panya wa asili wa Madagaska, zaidi ya spishi 25 katika jenasi 9 (jenasi ni kundi la spishi zenye udugu wa karibu), wametokana na babu mmoja aliyefika kutoka Afrika yapata miaka milioni 20 iliyopita au zaidi kidogo. Alikuta nchi tupu kwa maana ya wagugunaji, na uzao wake ukaigawana kama watoto wa babu mmoja wanavyogawana shamba: huyu akachukua miti, yule nyasi za mabondeni, mwingine akachimba ardhini. Mkubwa kuliko wote ni Hypogeomys antimena, ambaye wenyeji humwita vositse. Ana uzito wa zaidi ya kilo moja na masikio marefu yaliyosimama, huruka akishtuka, huchimba mashimo marefu, na dume na jike hukaa pamoja kwenye shimo moja mwaka hadi mwaka. Amebaki kwenye kipande kidogo cha msitu mkavu cha Menabe, magharibi mwa kisiwa, na kipande hicho kinaendelea kukatwa. Inaniuma kuandika sentensi hiyo.

Hapo ndipo buku wako anapoingia. Panya hao wa Madagaska wako katika familia iitwayo Nesomyidae, na panya buku, Cricetomys, yuko katika familia hiyo hiyo. Panya wa mapaa yuko familia nyingine, Muridae. Mtazame buku vizuri safari nyingine akipita chini ya taa ya uani: mkia wake una rangi mbili, mweusi kuanzia shinani na mweupe kuelekea ncha, na mashavu yake yana mifuko anayoijaza chakula mpaka uso unavimba, kisha anakwenda kukimwaga shimoni kwake. Panya wa nyumbani hana mifuko hiyo hata akiishi vipi. Ndugu zake buku ndio wale wanaofundishwa pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, na shirika la APOPO, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alinusa zaidi ya mabomu 100 na masalia mengine ya milipuko huko Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020.

Mwanao atauliza tunajuaje udugu huo na muda wake. Vinasaba hunakiliwa kila kizazi, na kila nakala hupata makosa machache. Makundi mawili yakishatengana, kila moja hujikusanyia makosa yake. Tunahesabu tofauti hizo, tunazioanisha na visukuku ambavyo umri wake umepimwa kwa njia nyingine, tunapata makadirio ya lini babu yao wa mwisho aliishi. Kwa macho peke yake tungekosea mara nyingi, kwa sababu sura inadanganya, na hakuna mahali inapodanganya kama visiwa vya Asia.

Kisiwa cha Luzon, Ufilipino, kilipekuliwa na watafiti tangu mwaka 2000 hadi 2012, mlima kwa mlima, wakiongozwa na Lawrence Heaney, Danilo Balete na Eric Rickart. Walipomaliza, mamalia wasioruka wa Luzon walikuwa spishi 56. Kati ya hizo, 52 hazipatikani kwingine duniani, na 28 zilikuwa hazijulikani kabla ya kazi hiyo. Sehemu kubwa ni panya. Kuna panya wa juu ya miti mwenye kilo mbili na zaidi, na kuna wengine wadogo kuliko kipanya cha jikoni. Kuna Rhynchomys, mwenye pua ndefu iliyochongoka, anayekula minyoo, na magego yake yamenywea yakawa kama punje. Kilichozaa wingi huo ni bahari na milima kwa pamoja: panya wa msitu wa kileleni, wenye baridi na ukungu, hawezi kushuka akapita bonde la joto hadi mlima wa pili, kwa hiyo kila mlima umekuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Sisi nasi tuna hali kama hiyo kwenye Milima ya Tao la Mashariki, kama Usambara na Udzungwa, na ningependa vijana wetu waipekue kwa subira ile ile.

Kisha kuna Sulawesi, Indonesia, ambako mwaka 2012 ilitangazwa spishi iitwayo Paucidentomys vermidax, panya asiye na gego hata moja. Naye ana pua ndefu, naye anakula minyoo. Ukimweka kando ya yule wa Luzon utaapa ni ndugu wa tumbo moja, lakini vinasaba vinaonyesha kila mmoja alifika kwenye sura hiyo kwa njia yake. Chakula kimoja kimewachonga kwa namna moja. La kushangaza zaidi ni kwamba wote wawili wako familia ya Muridae. Maana yake, panya wa darini kwako Tabata ana udugu wa karibu zaidi na huyu mla minyoo wa Sulawesi asiye na magego kuliko alio nao na buku anayepita uani kwako, mita kumi kutoka alipo.

Kuhusu ukubwa, shemeji amekosea sababu. Visiwani wanyama wadogo mara nyingi huongezeka mwili, na kisiwa cha Flores, Indonesia, kina panya hai, Papagomys armandvillei, mwenye kiwiliwili kinachokaribia sentimita 45 bila mkia. Samaki hawahusiki. Bara, panya mdogo anaokoka kwa kuingia kwenye tundu dogo; penye nyoka, paka-mwitu na wapinzani wachache, faida hiyo hupungua, na mwili mkubwa humsaidia kuvumilia njaa na kumshinda mwenzake. Lakini si sheria isiyovunjika, kama hao wadogo wa Luzon wanavyoonyesha.

Sasa sumu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu adui mkubwa wa panya wa visiwani mara nyingi amekuwa huyu huyu panya wa mapaa. Kisiwa cha Christmas, kusini mwa Java, kilikuwa na panya wake wawili, Rattus macleari na Rattus nativitatis, waliojaa msituni. Panya wa mapaa waliteremka na meli karibu mwaka 1900. Kufikia 1908 wenyeji wote wawili walikuwa wametoweka. Mwaka 2008 watafiti walipima vinasaba vya vielelezo vya zamani vya makumbusho, wakakuta waliokusanywa baada ya meli ile kufika walikuwa na vimelea vya damu vya jamii ya tripanosoma, ambavyo waliokusanywa kabla hawakuwa navyo. Mgeni alileta ugonjwa ambao yeye mwenyewe ameuzoea, nao hawakuwahi kuujua. Luzon, kwenye panya wengi waliozoea kushindana, wageni hubaki zaidi mashambani na vijijini, na msitu mzuri huwashinda. Visiwa vidogo havina kinga hiyo.

Na adimu bado wapo ambao hatujawaona. Wenyeji wa Vangunu, Visiwa vya Solomon, kwa miaka mingi walikuwa wakisimulia panya mkubwa wa juu ya miti waliyemwita vika. Hakuna mtafiti aliyempata mpaka mwaka 2015 mti mmoja ulipokatwa akaanguka nao. Alitangazwa rasmi mwaka 2017 kwa jina la Uromys vika, na picha zake za kwanza akiwa hai msituni zikatolewa mwaka 2023. Kwa hiyo mtu wa mahali akisema "huyu ni wa hapa," tunamsikiliza kwanza, kisha tunapima.

Kwa nyumbani kwako, kuwa na amani. Panya wa mapaa si adimu, na kumwondoa hakudhuru ukoo wowote wa wanyama. Ila sumu si njia ya kwanza ninayoipendekeza. Ziba matundu kwa saruji na waya mgumu, maana tundu la sentimita mbili linamtosha kupita. Funika taka na unga. Weka mitego kandokando ya kuta, ndiko anakopita. Ukilazimika kutumia sumu, nunua iliyosajiliwa yenye lebo, iweke ndani ya kisanduku asichokifikia mtoto wala kuku, na okota mizoga, kwa sababu bundi na paka wakila panya aliyekula sumu nao hudhurika. Zile pakiti zisizo na jina zinazotembezwa mitaani ziache kabisa. Buku ningemwacha kama haharibu kitu. Akichimba chini ya msingi au akimaliza mihogo, ziba shimo akiwa nje na ondoa kinachomvuta.

Mbudya msiweke chochote. Ni eneo tengefu, kuna kaa wa nazi na ndege, na kuondoa panya kisiwani ni kazi inayofanywa kwa mpango, kisiwa kizima kwa wakati mmoja. Akibaki jike mwenye mimba mnaanza upya. Chumbe, kando ya Unguja, walifanikiwa kuwaondoa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukiona panya wengi Mbudya, toa taarifa kwa askari wa hifadhi za bahari walioko pale.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Homa kali, maumivu ya misuli au macho kuwa ya njano baada ya kutembea kwenye maji ya mafuriko au kufagia stoo yenye mikojo ya panya, mweleze daktari habari hiyo ya panya waziwazi. Huenda ni homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, nayo inatibika ikiwahiwa. Mtoto akila sumu, usisubiri dalili wala usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali pamoja na pakiti yenyewe.

Na mwanao akitaka kujua spishi kwa uhakika, asimshike panya kwa mikono mitupu. Apige picha tatu: mwili mzima kutoka ubavuni pamoja na rula, mkia wote, na uso kwa karibu, aandike tarehe na mahali, apeleke Idara ya Zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kwa wataalamu wa wanyama waharibifu pale Sokoine, Morogoro. Akikuta mzoga, aangalie meno kwa kijiti: mgugunaji ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini, yamechongoka kama patasi, kisha mwanya mtupu kabla ya magego. Chenye pua ndefu na meno madogo makali yaliyopangana bila mwanya ni kirukanjia, si mgugunaji, ingawa wengi humwita panya. Picha yake pia wataipokea.